Jakaranda Mnaijua. Na Violeti ya Taita?

Wasee, Oktoba ikiingia Nairobi hakuna kitu kinapigwa picha kama jakaranda. State House Road inageuka zambarau, University Way vilevile, maharusi wanashuka kwenye magari na viatu vya bei wakanyage maua yaliyoanguka, na kila mwenye simu ana kapsheni ileile kuhusu mji wetu mzuri. Sina shida na picha. Mimi pia naposti. Shida yangu ni komenti mbili ambazo hazikosi chini ya kila posti ya jakaranda, na nimezichoka zote mbili.

Ya kwanza ni ya yule msee wa "huo ni mti wa mkoloni, ukatwe tupande ya kwetu." Ya pili ni ya mwenzake mpole: "tulieni bana, maua yamejaa kila mahali, nani amewaambia maua yanaisha?" Wanabishana hao mpaka saa nane usiku na hakuna anayegundua kwamba wote wawili wamekosea kitu kimoja. Wanahesabu mimea kwa macho, hapo waliposimama. Ikiwa mingi barabarani, basi iko salama. Ikiwa ya kigeni, basi ndiyo adui.

Nataka niwaonyeshe mimea miwili, yote ya maua ya zambarau. Mmoja ni jakaranda mwenyewe. Mwingine ni wa hapa hapa Kenya, mdogo kama sahani, na ningeweka dau la fare ya wiki nzima kwamba wengi wenu hamjawahi kusikia jina lake.

Jakaranda kwanza, kwa sababu ndiyo staa. Kwao ni Amerika ya Kusini, kusini mwa Bolivia na kaskazini-magharibi mwa Argentina. Ililetwa huku enzi za ukoloni kupamba barabara, na haikuletwa Nairobi peke yake. Pretoria waliipanda hadi mji ukapewa jina la utani la mji wa jakaranda, halafu baadaye serikali ya Afrika Kusini ikaiweka kwenye orodha ya mimea vamizi kwa sababu ilianza kujiotea yenyewe porini. Iko Lisbon. Iko Los Angeles. Iko Brisbane. Kwetu ina hadi uwanja wa siasa unaoitwa kwa jina lake kule Eastlands, na kura zimeombwa pale kuliko maua yaliyowahi kuanguka pale. Ukiniuliza ni mti gani duniani hauhitaji kuombewa, ningekutajia huo.

Sasa fungua Orodha Nyekundu ya IUCN, lile shirika la kimataifa linalopima ni kiumbe gani kiko karibu kutoweka. Tafuta Jacaranda mimosifolia. Imo kwenye kundi la mimea iliyo katika tishio.

Manze, soma tena. Mti uliojaa mabara yote hayo umo kwenye orodha moja na viumbe vinavyoelekea kuisha. Na hakuna aliyekosea kuandika. IUCN hawahesabu miti ya barabarani Nairobi wala ya bustani za Lisbon. Wanahesabu ile inayoota yenyewe kwao, msituni, bila mtu kuichimbia shimo. Na huko kwao misitu yake imefyekwa kupisha kilimo. Kwa hivyo yule msee wa "ukatwe" anataka kukata mti ambao kwao wenyewe uko taabani, na yule wa "yamejaa" anatumia picha za Nairobi kama ushahidi wa mambo ya Bolivia. Kila mmoja ana zero.

Mtu ataniambia, sawa, lakini si bora upo mahali fulani? Ukipotea kwao, si watachukua mbegu huku warudishe? Hapo ndipo wengi wetu tunadanganywa na wingi. Miti ya mji mara nyingi hutokana na mbegu za wazazi wachache, zilizochaguliwa na mtu aliyetaka barabara ipendeze. Msitu una mamia ya aina ndani ya aina moja: huu unavumilia ukame, ule unavumilia ugonjwa, ule mwingine unachanua mapema kuwahi nyuki fulani. Ukichukua familia moja ya mtaa wa Buruburu ukaipeleka Mwezini, hujaokoa Nairobi. Umeokoa familia moja, na ikipata homa imeisha.

Sasa twende kwetu.

Ukipanda treni ya Mombasa, ukikaribia Voi angalia upande wa kulia. Vile vilima ni Taita. Ni sehemu ya safu ya milima ya kale inayoitwa Tao la Mashariki, ambayo karibu yote iko Tanzania, Usambara, Uluguru, Udzungwa na mingine, na kipande pekee kilichoangukia Kenya ni hicho cha Taita. Juu ya vilima hivyo kuna vipande vya msitu wa mawingu, msitu unaokamata ukungu unaotoka Bahari ya Hindi na kuudondosha chini kama maji. Kipande kimoja kiko kilima cha Mbololo, na humo, kwenye kivuli, juu ya miamba yenye kuvu na unyevu, ndimo inamoishi violeti ya Taita. Jina la kisayansi lilikuwa Saintpaulia teitensis, siku hizi wamelibadilisha kuwa Streptocarpus teitensis kwa sababu wataalamu waliunganisha koo mbili mwaka 2015. Majani yake ni ya manyoya laini, yamejipanga duara chini kabisa, na maua yanasimama katikati. Porini haijulikani kuota mahali pengine popote duniani. Mbololo tu.

Msitu wa Mbololo ni kama hekta 200. Karura, pale mnapoenda kupiga picha za Jumapili na kahawa mkononi, ni zaidi ya hekta 1,000. Yaani dunia nzima ya huu mmea inaingia Karura mara tano na nafasi inabaki. Kwenye Orodha Nyekundu hauko ngazi moja na jakaranda, uko juu zaidi, kwenye ngazi za hatari kubwa. Na hapo Taita hauko peke yake. Kuna ndege wawili wa vilima hivyo hivyo, apalisi wa Taita na kurumbiza wa Taita, ambao nao hawako popote pengine na wamebaki wachache wa kutisha. Msitu ni uleule unaopungua, wapangaji ndio tofauti.

Mpole wetu wa komenti hapa anaruka: "Lakini violeti ya Kiafrika si inauzwa kwa kopo? Nimeiona supamaketi!"

Umeiona, ndiyo. Sikiza stori yake sasa, kwa sababu hii ndiyo inaniudhi kuliko zote.

Mwaka 1892 hivi, afisa wa kikoloni wa Kijerumani pale Tanga, baroni Walter von Saint Paul-Illaire, alipata mmea huu na kuupeleka kwao Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaupa jina, na jina alilotumia ni la baroni. Saintpaulia. Mmea uliokuwa Tanga miaka yote watu wakipita hapo, ukapata jina siku Mjerumani alipouona. Hata hilo neno violeti ni la kukosea, kwa maana haina undugu wowote na violeti za Ulaya, waliifananisha tu kwa rangi. Miaka ya 1920 kampuni ya Armacost and Royston ya Los Angeles ikapata mbegu zilizotoka Ulaya, ikazichagua, ikazizalisha, na kutoka hapo biashara ikalipuka. Leo ni mojawapo ya maua ya ndani yanayouzwa zaidi duniani. Kuna aina maelfu zilizobuniwa na watu: nyeupe, pinki, zenye ukingo wa mikunjo, ndogo kama sarafu. Wana vyama, wana mashindano, wana zawadi. Nyanya wa Ohio anaweza kukutajia aina mia moja bila kusoma mahali.

Mkataba wa dunia unaosema kwamba viumbe ni mali ya nchi vinakotoka, na faida igawanywe, ulikuja 1992. Miaka mia moja kamili baada ya baroni. Itifaki ya Nagoya iliyoweka meno kwenye mambo ya kugawana faida ilipitishwa 2010. Kwa hivyo pesa zote zile za makopo, Tanga haina dai, Taita haina dai, hakuna hata shilingi ya kumlipa mtu mmoja alinde kilima kimoja. Hesabu ilifungwa kabla hatujaitwa kwenye meza.

Na hata hiyo ya kopo si ya Mbololo. Mingi ya makopo hayo imetokana na ndugu yake wa upande wa Tanga, ionantha, iliyochanganywa na kuchanganywa tena kwa miaka mia. Ukinunua kopo hujabeba violeti ya Taita, umebeba binamu aliyezaliwa ughaibuni na haongei lugha ya nyumbani. Tena makopo yanazalishwa kwa jani. Unakata jani moja, unalichomeka kwenye udongo wenye unyevu, baada ya wiki kadhaa vitoto vinatoka, na kila kitoto ni nakala ya mama. Makopo milioni yanaweza kuwa mmea mmoja uliopigwa fotokopi mara milioni. Kuyahesabu kama uhai wa spishi ni kama kuhesabu picha zako kwenye simu useme una ndugu elfu nne.

Kwa hivyo mimea hii miwili, ambayo mmoja ni mti wa ghorofa tatu na mwingine ni kitu unachoweza kukikanyaga bila kujua, ina kesi moja. Imesambaa kila mahali ila kwao. Inapendwa kila mahali ila kwao. Tofauti ni kwamba jakaranda bado ina eneo kubwa la kupotezea kabla haijaisha. Ya Taita ina kilima.

Kilima chenyewe kinaishaje? Si lazima mtu aje na basari na kuufyeka wote siku moja. Violeti hii ni mmea wa kivuli. Toa mti mkubwa mmoja juu yake, jua la saa saba likaingia moja kwa moja, ukungu ukakauka, na mwamba uliokuwa na kuvu unabaki jiwe. Mmea unaungua bila kuguswa na mtu. Na hauwezi kukimbia, mbegu zake ni vumbi, hazifiki mbali, na hata zikifika, kipande kingine cha msitu kiko ng'ambo ya mashamba na vijiji. Vilima vya Taita vimepoteza sehemu kubwa sana ya msitu wake wa asili, na kuna sehemu ambazo penye msitu wa asili pamepandwa misonobari, saipresi na mikaratusi. Ukipita na gari unasema wueh, kijani. Chini yake hakuna violeti hata moja.

Hapa ndipo nataka niseme na serikali, na najua kuna watu watakuja kunifunza siasa kwenye komenti. Karibuni.

Tuna mpango wa kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa hadi likizo, nchi nzima ikaambiwa ishike jembe, lengo lilikuwa miti milioni 100. Vijana walipanda, sikatai, na mvua ilikuwa inanyesha, watu walichafuka kweli. Lakini angalia kinachohesabiwa. Mche mmoja ni mche mmoja. Mkaratusi ni moja, mti wa asili ni moja, jakaranda ni moja, na mche uliokufa Januari bado ni moja kwenye hotuba ya Novemba. Kwenye hesabu hiyo, msitu wa Mbololo ukipoteza miti hamsini ya miaka mia mbili, halafu kiongozi apande miche mia mbili kando ya barabara ya Voi mbele ya kamera, Kenya imepata faida ya miti mia moja hamsini. Hongera kwetu. Violeti iliyokuwa chini ya ile hamsini haina kisanduku kwenye fomu.

Kivuli cha miaka mia mbili hakipandwi siku ya likizo. Kinalindwa, na kulinda hakuna picha nzuri. Hakuna waziri anayekata utepe mbele ya mti ambao tayari uko.

Na sisi wa mjini tusijitoe. Mwaka 2020, barabara ya juu ikijengwa, mugumo mmoja pale Waiyaki Way ulipangiwa kung'olewa. Mji ukapiga kelele, mitandao ikawaka, na Novemba ile ikatoka amri ya rais mti ubaki. Umebaki hadi leo. Nilifurahi na bado nafurahi nikiupita. Lakini tuwe wakweli kuhusu kilichouokoa. Ulikuwa Westlands. Watu wenye simu, bando na wafuasi walikuwa wanaupita kila siku. Mbololo haipitwi na mtu wa bando. Kama uhifadhi wetu unategemea mti kuwa karibu na foleni ya magari, basi tunahifadhi mandhari yetu ya asubuhi, na hiyo ni sawa, ila tusiite mazingira ya Kenya.

Kuna swali moja la maana ambalo huwa naulizwa, na sitalipuuza: watu wa Taita watakula maua? Hapana. Na mkulima wa Taita ndiye mtu wa mwisho nitakayemnyooshea kidole. Angalia ramani ya Kaunti ya Taita-Taveta. Zaidi ya nusu yake ni mbuga za Tsavo. Mashamba makubwa ya mkonge yamechukua sehemu nyingine kule chini. Mtu amebaki na mlima, analima kwenye mteremko, tembo wa mbuga wakitoka wanamlia mahindi, halafu mimi niliye na maji ya bomba, siku ambazo yapo, nimwambie asikate kuni? Sina uso huo.

Ninachosema ni kwamba kaunti hiyo imetoa ardhi kubwa hivyo kwa ajili ya wanyama ambao watalii wanalipia getini kuwaona, na ule msitu wa juu, unaotuma maji chini kwa mito kama Voi, hauna geti, hauna tikiti, hauna kampeni. Tembo ana mahoteli. Violeti ina hekta 200 na watu wachache wenye moyo. Sheria ya misitu ya 2016 inaruhusu vyama vya jamii kusimamia misitu pamoja na serikali. Mlango upo basi. Kinachokosekana ni pesa ya kumlipa kijana wa Mbololo alinde msitu wake kama kazi, yenye mshahara, si semina na fulana. Vipande vya misonobari na mikaratusi vilivyo kati ya misitu vitolewe taratibu na miti ya asili ya palepale irudishwe, mbegu zitoke mlima uleule, ili vipande vilivyokatika viguse tena. Hiyo ni kazi ya miaka thelathini na haitatrendi hata siku moja.

Na msidhani ni Taita tu. Kilifi, pande za Kaloleni, kuna violeti nyingine ya Kenya, rupicola, inayoshikilia miamba ya chokaa. Chokaa, mnajua, ndiyo malighafi ya saruji. Violeti imechagua kuishi juu ya kitu ambacho kila ploti mpya ya pwani inakihitaji. Nikipata nafasi nitaiandikia posti yake, kwa sababu hiyo kesi ina madalali wa ardhi ndani na inahitaji pumzi.

Turudi kwa wale wawili wa komenti. Wewe wa "ukatwe": ukikata jakaranda zote za University Way leo jioni, Mbololo haitapata hata futi moja ya kivuli. Hazigombanii mahali. Unataka ya kwetu? Poa sana, anza na ile ambayo ni ya kwetu peke yetu duniani, hata kama huwezi kuifanyia shoo ya picha chini yake. Na wewe wa "yamejaa": kila ukiona ua limejaa, uliza limejaa wapi. Kwao, au kwa mpangaji?

Novemba nyingine ikifika na tukaambiwa tena tushike jembe, nitaenda, na nitachafuka kama kila mtu. Lakini kiongozi yeyote atakayeposti idadi ya miche, nitakuwa wa kwanza chini yake na swali moja, na naomba mnisaidie kulipandisha juu mpaka ajibu: mheshimiwa, Mbololo leo ina miti mikubwa mingapi ya asili, na mwaka jana ilikuwa mingapi?